Ukija Ngomeni, Anza na Maji

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Nimefundisha shule ya msingi miaka 30 kabla ya kustaafu, na karibu kila mwaka nilikuwa napeleka watoto wa darasa la sita Ngome ya Yesu, ambayo sisi wenyeji huiita Ngomeni tu. Miaka ya mwanzo niliwapeleka vibaya. Tulikuwa tukiingia saa sita, jua la utosi, watoto wanakimbilia mizinga na kuipanda kwa zamu, mimi nawatajia miaka ya vita niliyoikariri, kisha tunatoka. Siku moja mtoto mmoja wa kike, mkimya sana darasani, alinivuta buibui akaniuliza: "Mwalimu, adui akiwa nje na mlango umefungwa, waliomo ndani wakinywa maji gani?"

Sikuwa na jibu. Nililitafuta, na tangu siku hiyo nikabadilisha namna ya kuwatembeza watu. Ndiyo namna ninayotaka kukupa wewe unayepanga kuja.

Kabla hujatoka nyumbani

Fungua ramani ya satelaiti kwenye simu uitazame ngome kutoka juu. Utaona mtu amelala chali, kichwa kimeelekea bahari, mikono na miguu imetanuka. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Kiitalia aliyekuwa akiwafanyia Wareno kazi kule India, na wasanifu wa zama zake waliamini kwamba vipimo vilivyokamilika vinapatikana katika mwili wa binadamu. Ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya Mfalme Felipe, ambaye wakati huo alikuwa mfalme wa Hispania na wa Ureno pia. Mguu na mkono wa huyo mtu ni buruji: pembe nene zilizotokeza nje ili askari aliye juu yake aweze kupiga risasi sambamba na ukuta, adui asipate pa kujificha. Ukiwa chini huwezi kuliona umbo hilo hata ukizunguka siku nzima, kwa hiyo usiiruke hatua hii.

Njoo asubuhi, mlango unapofunguliwa. Malipo siku hizi hupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, basi simu iwe na chaji. Vaa viatu visivyoteleza. Na chupa ya maji ni lazima.

Nje kwanza

Usiingie bado. Nenda kwenye ukuta wa nje ukaweke kiganja pale plasta ilipobanduka. Ni mawe ya matumbawe, yaliyochimbwa hapa hapa pwani. Ukisogeza jicho karibu utaona vitundu vidogo vilivyopangana, mahali pengine mistari inayojipinda kama ya kitambaa kilichokunjwa. Hao walikuwa viumbe hai wa baharini. Baadhi ya watoto wangu walikuwa wakidhani ni nakshi za fundi. Na chini kabisa utaona kwamba ukuta haukujengwa tu juu ya mwamba. Mwamba wenyewe umechongwa ukawa sehemu ya ukuta. Upande wa bara wamechimba handaki kavu katika jiwe hilo hilo.

Mzinga wa chuma unaouona nje si wa Wareno. Ulitoka kwenye meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Piga picha yako uendelee.

Langoni simama, maana juu ya lango kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1639, ya kapteni aliyejisifu kwamba ameikarabati ngome na kuitia adabu miji ya pwani. Wengi hupita chini yake bila kuinua macho. Lakini ngome ilihitaji ukarabati kwa sababu ya mtu ambaye jina lake halimo katika sifa hizo: Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa. Babake aliuawa baada ya kugombana na Wareno, naye akiwa bado mtoto akapelekwa Goa, makao ya Wareno kule India, akalelewa na watawa, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kuwa mfalme. Agosti 1631 aliingia kwa lango hili kama mtu anayekuja kumwamkia kapteni, akamuua, na ngome ikawa yake. Mwaka uliofuata Wareno walileta merikebu kutoka Goa kumtoa, wakashindwa. Aliondoka mwenyewe baadaye, kwa hiari yake.

Mimi namheshimu Yusuf. Nasema hivyo nikijua kwamba siku zile waliuawa watu wengi, wakiwemo wake kwa waume waliokataa kuacha Ukristo, na hilo nilikuwa nawaambia watoto bila kulificha. Lakini ukisimama langoni, fikiria kijana aliyechukuliwa utotoni akarudi kukabidhiwa ufalme chini ya mdomo wa mizinga ya waliogombana na babake.

Sasa maji

Ukishaingia, iache mizinga. Muulize mtembeza wageni akuoneshe birika la Wareno la kukingia maji ya mvua, kisha kisima kilichochimbwa zama za Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala hapa baada ya Wareno. Chungulia ndani. Ngome iko kwenye mwamba wa matumbawe ukingoni mwa bahari ya chumvi. Kila tone la kunywa lilikuwa hesabu. Halafu omba kuoneshwa njia ya matao, ile iliyokatwa ndani ya mwamba kushuka kuelekea baharini. Msaada kutoka Goa ulikuja kwa bahari, na hapo ndipo chakula na baruti vilipopitia. Birika, kisima, na njia ile ya baharini: ukivielewa hivyo vitatu utajua kwa nini kuta nene namna hii hazikutosha.

Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yaliizingira. Ndani walikuwamo Wareno wachache na wenyeji wengi wa pwani waliokimbilia humo pamoja na wake zao na watoto wao, jambo ambalo watu husahau wanapoisimulia vita hii kama ya Wareno na Waarabu peke yao. Kuta hazikuvunjwa. Yaliyowamaliza ni maradhi na njaa. Mwaka 1697 maafisa wa Kireno walikuwa wamekufa, na aliyeishika ngome mpaka msaada ukafika ni Bwana Daud wa Faza, Mswahili. Katika merikebu za msaada ilikuwamo Santo António de Tanna, ambayo Oktoba mwaka huo ilizama hapa hapa chini ya ngome. Wapiga mbizi waliichunguza kuanzia 1977, na vitu vilivyotolewa viko kwenye chumba cha makumbusho. Tulia hapo. Ni vyombo vya watu waliokuwa wakileta msaada.

Tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33, Waomani waliingia. Waliobaki kuitetea ngome walihesabika kwa vidole. Siku chache baadaye merikebu nyingine za msaada zikatokea kutoka Goa, zikaona bendera si yao, zikageuka. Panda ukutani upande wa bahari usimame kimya kidogo, utazame pale maji yanapokutana na mbingu. Watu walisimama hapo karibu miaka 3 wakingoja tanga.

Askari wa Kireno waliochoka na zamu walichora kuta kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, makanisa, watu. Michoro hiyo ipo hadi leo, na ndiyo ninayoipenda kuliko yote yaliyomo ngomeni. Angalia merikebu: kamba zimechorwa moja moja, na mtu aliyeweka kila kamba mahali pake bila shaka alikuwa amezivuta kwa mikono yake. Usiiguse.

Baraza la Wamazrui ni dogo, na nakshi zake zataka utulivu. Walianza kama maliwali wa Oman, wakaasi, wakatawala Mombasa wenyewe mpaka 1837, Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipoichukua na wakubwa wao wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, Uajemi. Baada ya hapo ngome ikawa chini ya masultani wa Zanzibar. Hata Waingereza walipotawala, bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu yake hadi uhuru wa 1963, kwa sababu kwa mkataba ukanda wa pwani ulikuwa wake. Ukienda na wazee wa Mombasa, waulize kama wanaikumbuka.

Mwisho, gereza

Neno gereza tunalolitumia kila siku lilitoka kwa Wareno, na kwao lilimaanisha kanisa. Kanisa lao lilikuwa ndani ya ngome, na misingi yake utaiona uwanjani. Wenyeji wakaliita jengo zima kwa jina hilo, na maana ikahama kufuata walichokiona kikifanyika humo. Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela kweli. Makumbusho yalifunguliwa baadaye, na mwaka 2011 UNESCO ikaiweka katika urithi wa dunia.

Bibi yangu hakuwahi kusema "Ngomeni" wala "makumbusho". Alisema "gerezani". Kaka yake alifungwa humo, na bibi akipita barabarani alikuwa akijivuta leso hadi machoni na kuharakisha mwendo. Jengo lilipofunguliwa kwa watu wote hakuja. Nilimshawishi miaka mingi, na alipokubali mwaka 1988 alitembea polepole sana akinishika mkono, hakutazama mzinga hata mmoja, hakuuliza mfalme yeyote. Alitaka kujua wafungwa walilala upande gani. Nilimwonesha nilivyoweza. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta, akauwekea mgongo, akasema, "Nipe maji, mwanangu." Nilimpa chupa. Alikunywa nusu, na ile nusu nyingine akaimwaga taratibu chini, juu ya mawe.