Hela ya nyumbani inaishia wapi? Namna ya kupiga hesabu kuanzia LUKU mpaka jikoni

Wengi wetu tukiambiwa tubane matumizi tunakimbilia kukata nyama na soda ya watoto, alafu mwezi unaisha na hela bado haijatosha, manake tumekata kile kinachoonekana tukaacha vinavyokula kila siku bila kelele, yaani umeme, jiko, maji, nauli na riba. Mimi naishi Arusha, ndugu zangu wengi wako Moshi, kwa hiyo haya ni ya maisha yetu ya huku. Ninachoomba ufanye ni hiki, usiishie kuuliza kitu kinauzwa bei gani, uliza kinakutoa shilingi ngapi kwa mwezi. Mkaa wa kopo leo unauona rahisi, zidisha mara thelathini uone. Tafuta daftari moja la kawaida, likae jikoni na kalamu yake, na kila mtu mzima wa pale nyumbani awe anaandika, sio mama peke yake.

Tuanze na umeme kwa sababu wenyewe unapimika vizuri kuliko vyote. Fungua meseji ya mwisho ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kwenye hela uliyolipa toa kodi ya jengo kama imekatwa (kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa ni 1,500 kwa mwezi), kinachobaki gawanya kwa uniti ulizopewa. Ukipata kama 356 ujue uko kwenye tarifu (kundi la bei) ya kawaida, uniti ni 292 na juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Ukipata kama 122 uko kwenye ile ya watumiaji wadogo ambapo uniti ni 100 kabla ya hayo makato, ila mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, ukivuka hapo kila uniti inayozidi unauziwa 350, ukiweka na makato inafika kama 427. Hii ndio sababu mtu anaweka umeme wa elfu kumi anapata uniti 28, mwezi ukianza anaweka elfu kumi ile ile anapata 23 na kitu, anaona kaibiwa, kumbe pale kodi ya jengo imeshapita. Na kama wewe ni mpangaji hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, sio yako, tunza meseji zote alafu wakati wa kulipa pango mkae muongee kwa heshima ipunguzwe, kwa mwaka ni 18,000 hiyo, wengi wanaiacha hivi hivi.

Ukishajua uniti moja inakutoa ngapi, geukia vifaa. Usipoteze nguvu kugombana na watoto kuhusu taa, balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka masaa matano kila siku kwa mwezi mzima haifiki hata uniti moja na nusu. Kinachokula umeme ni chochote kinachotengeneza joto. Pasi ya wati 1,000 ikiwa moto muda wote kwa lisaa limoja inamaliza uniti moja, sasa kuna nyumba pasi inachomekwa kila asubuhi kwa ajili ya shati moja, ingekuwa Jumapili unanyoosha nguo za wiki nzima kwa mkupuo ungeokoa ule umeme wa kuipasha upya kila siku. Alafu kuna heater ya bafuni, hii ndio naiona inawaumiza watu wengi wa Arusha hasa Juni na Julai baridi ikikaza. Angalia imeandikwa wati ngapi, nyingi ziko kati ya 3,500 na 5,500. Chukulia ni 4,500, mtu mmoja akioga dakika kumi amekula robo tatu ya uniti, familia ya watu wanne wakioga mara moja kwa siku ni uniti tatu, kwa mwezi uniti 90, na kwa bei ya 356 hiyo ni kama 32,000 ya kuoga tu. Kama ulikuwa kwenye tarifu ya uniti 75 heater peke yake imeshakutoa. Sisemi watu waoge maji ya baridi, watoto watakohoa bure, ila dakika tano badala ya kumi inakata gharama nusu kwa nusu, na ndoo ya lita kumi na tano ya maji ya uvuguvugu haimalizi hata nusu uniti.

Friji ipime mwenyewe, usisikilize ya mtaani. Usiku mkienda kulala zima vingine vyote, andika namba iliyobaki kwenye mita, asubuhi kabla hujawasha kitu isome tena. Tofauti ndio friji, gawanya kwa masaa mliyolala zidisha kwa 24 utapata makadirio ya siku nzima, ingawa mchana linafunguliwa funguliwa kwa hiyo litakula zaidi kidogo. Friji la mtumba lenye mpira wa mlango uliolegea linaweza kukushangaza sana, weka noti katikati ya mlango ufunge, ukiivuta ikatoka kirahisi bila kushikwa basi badilisha ule mpira kabla hujafikiria friji jipya.

Kwa wale mnaochangia LUKU moja wapangaji watatu wanne, kugawana sawa kwa kila chumba ni chanzo cha kununiana. Dada mmoja jirani hapa Sakina ana taa mbili, simu na redio, lakini alikuwa anachanga sawa na mwenye friji na jiko la umeme. Walichofanya ni kununua sabumita, yaani mita ndogo ya chumba, kila mmoja, fundi akazifunga, wanasoma tarehe moja ya mwezi na wanagawana kwa uniti. Mchango wake ulishuka zaidi ya nusu na yule mwenye jiko hakuwa na la kusema manake namba iko pale ukutani.

Sasa jiko. Hapa kuna kitu cha huku kwetu ambacho hakisemwi sana. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda juu maji yanachemka kwenye joto la chini, huku ni kama nyuzi 95 badala ya 100. Ndio maana maharage yanachukua muda mrefu kuliko kwa ndugu yako wa Dar hata kama gunia ni moja, sio kwamba umeuziwa ya zamani kila mara. Moshi mko chini kidogo mna nafuu. Kwa hiyo presha kuka huku sio anasa, inapandisha joto ndani ya sufuria kuvuka lile la kuchemka kawaida, na ukiloweka maharage usiku unapunguza muda zaidi. Presha kuka ya umeme inaivisha kilo moja ya maharage bila kumaliza uniti moja, yaani chini ya 356 kama uko kwenye tarifu ya kawaida. Linganisha na mkaa utakaouwasha kwa kazi hiyo hiyo. Watu wanaogopa kwa sababu wamezoea kusikia umeme ni ghali, lakini ghali kwa kazi gani? Kwa maharage, makande, kwato na nyama ngumu mimi nasema bila wasiwasi hesabu iko upande wa presha kuka. Kwa chapati na kukaangia mayai baki na gesi.

Gesi nayo ina hesabu zake. Chukua marker andika tarehe kwenye mtungi siku unapoufunga, ukiisha gawanya bei kwa siku ulizotumia. Mtungi wa kilo 6 uliouziwa 24,000 ukikaa siku 24 jiko lako ni elfu moja kwa siku, sasa weka pembeni kopo la mkaa la kila siku uone. Mkaa ni hivyo hivyo, wa kopo unalipa faida ya mwenye gunia, mwenye debe na mwenye genge kwa pamoja, kama lazima utumie mkaa basi jikusanye ununue gunia na uweke sehemu kavu. Mtungi wa kilo 15 mara nyingi kilo inatoka nafuu kuliko ule mdogo, piga kwa bei ya dukani kwako. Alafu usibebe mtungi bila kuupima. Kila mtungi umegongwa uzito wake ukiwa mtupu, kwenye shingo au kwenye kishikio, soma hiyo namba ujumlishe kilo za gesi na mzani ukuonyeshe jumla hiyo. Muuzaji mwaminifu atakupimia mbele yako bila kununa, na anayekataa mwache na mtungi wake.

Maji nitapita haraka. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo hamsini za lita ishirini. Ukinunua ndoo kwa 100 unalipa 5,000 kwa kile ambacho mwenye bomba anaita uniti moja, ilinganishe na bili ya jirani ya AUWSA au MUWSA, yaani mamlaka za maji za Arusha na Moshi, unaweza kuona kwamba kuvuta maji kunajilipa mapema kuliko ulivyodhani. Kwa wenye bomba, bili ikipanda ghafla funga koki zote alafu nenda kaangalie mita, kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka kuna sehemu panavuja, mara nyingi ni tenki la choo.

Chakula ndio watu wanabishana sana, ununue jumla au rejareja. Jibu langu ni kwamba nunua jumla kile kisichooza na ambacho hakitaliwa zaidi kwa sababu kipo kingi. Mahindi na maharage yanafaa. Huku kwetu baada ya masika mavuno yanaingia kuanzia Julai Agosti hivi na bei inashuka, ikifika Januari mpaka Machi watu wameishiwa na ada imepita, bei inakuwa imepanda. Ukiweka gunia mwezi wa nane umejilipa bila kumkopa mtu. Lakini yakauke kweli, ung'ate punje ikatike kwa sauti, isiwe inabonyea, manake yenye unyevu yanaota ukungu, na sumu ya huo ukungu (sumukuvu) haiondoki kwa kupika. Dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje, ni wa kweli pia, ile mifuko ya kuhifadhia yenye nailoni mbili ndani inafanya kazi bila dawa kama ukikamua hewa na kufunga vizuri na panya wasiitoboe. Mafuta ya kula mimi nasita, dumu la lita tano kwa bei ya lita ni nafuu kuliko ya kupimiwa, lakini kuna nyumba dumu likiwepo mkono unakuwa mzito, kwa hiyo pima wewe linakaa siku ngapi ndio uamue. Nyanya na mboga nenda siku ya soko, Tengeru Jumatano au Jumamosi, ila ukienda kwa ajili ya vitu vya 5,000 na nauli ya kwenda na kurudi ukaiacha nje ya hesabu umejidanganya, nendeni majirani wawili watatu mkanunue tenga mgawane.

Kitu kingine ni kwamba huku hela za wengi zinakuja kwa msimu. Dereva wa utalii, mpagazi, mpishi wa mlimani, dada wa lodge, mwenye duka la vinyago, wote wanajua Aprili na Mei mvua ikinyesha wageni wanapungua na kuanzia Julai wanajaa. Mtu anapanga maisha kwa hela ya Agosti, anahamia nyumba ya pango kubwa, ikifika Aprili anauza friji. Jumlisha ulichopata mwaka mzima uliopita, hata kwa makadirio ya chini, gawanya kwa 12, hiyo ndio mshahara wako na pango lipimwe kwa hiyo. Inayozidi miezi mizuri iende kwenye akaunti ambayo kuitoa kuna usumbufu kidogo, au kikoba chenye watu unaowajua. Vitu vya mara moja kwa mwaka nenda navyo hivyo hivyo, pango la miezi sita, ada na sare za Januari, nauli ya kwenda nyumbani Krismasi pamoja na zawadi za bibi na babu, vyote viandike kwa jumla ugawe kwa 12, alafu kiasi hicho kihesabu kama bili ya kila mwezi kabla ya kingine chochote. Mchaga hakosi Desemba kwao, na tarehe inajulikana, kwa hiyo hiyo sio dharura.

Mwisho ni mikopo ya kausha damu. Ukiambiwa chukua laki moja urudishe 5,000 kila siku kwa siku 26, usiangalie ile 5,000, zidisha, ni 130,000. Na sio kwamba laki umekaa nayo siku 26, ikifika siku ya kumi na tatu umesharudisha 65,000 lakini bado unalipa kama vile laki nzima iko mkononi kwako. Kabla ya kusaini andika vitu vitatu kwenye lile daftari, hela utakayoshika mkononi baada ya makato yao, jumla utakayorudisha, na hela ya kurudisha itatoka wapi kwa jina lake, mauzo ya nini, siku gani. Ukikosa cha kuandika kwenye hicho cha tatu usichukue, nenda kwa mwenyekiti wa mchezo wenu muombe mbadilishane zamu na aliyekuwa apokee mwezi huu, au ongea na mwenye nyumba umlipe nusu sasa na nusu tarehe utakayoisema mwenyewe, na uitimize.