Jinsi ya kusoma majibu ya damu ya aliyetibiwa mshtuko wa moyo

Mimi ni mtu wa maabara, na katika ukoo wetu hilo linatosha kunifanya daktari. Mjomba wangu wa Tanga alipozibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa usizibe) Dar es Salaam, simu yangu ilijaa picha za majibu, nyingine zimekatwa tarehe. Wote waliuliza swali moja, kuhusu kipimo cha jeraha la moyo: "Troponini iko juu, atapona?" Haya ndiyo niliyowajibu, kwa yeyote anayeuguza mtu wa namna hiyo.

Anzeni na daftari. Kila majibu yakitoka, andikeni saa damu ilipotolewa, jina la maabara, namba, na kizio chake, yaani vile vijiherufi vinavyofuata namba. Msiviruke. Troponini ya 0.5 ng/mL ni sawasawa na 500 ng/L. Mkewe mjomba alilia usiku kucha kwa tofauti hiyo tu, mgonjwa alipohamishiwa hospitali nyingine. Troponini I na troponini T nazo ni vipimo viwili, namba zake hazilinganishwi.

Troponini ni protini ya misuli ya moyo, humwagika kwenye damu misuli hiyo inapoumia. Huanza kupanda saa chache tangu maumivu yaanze, na mshipa ukizibuliwa hupanda kwa kasi zaidi, kwa kuwa damu iliyorudi inaisomba iliyokuwa imekwama. Kwa hiyo namba kubwa asubuhi ya baada ya stenti haimaanishi matibabu yameshindikana. Angalieni imefika wapi na inashukaje. Kilele cha juu sana kwa kawaida huashiria kovu kubwa. Ikishuka kisha ikapanda tena, mwulizeni daktari siku hiyo hiyo. Na maumivu ya kifua yakirudi, mwende hospitali bila kusubiri kipimo chochote. Kukaa juu ya kawaida kwa wiki moja hadi mbili si ajabu, na mwenye figo mbovu huweza kuwa nayo juu siku zote.

Kipimo ninachokithamini zaidi, ambacho ndugu hawakiulizi, ni NT-proBNP. Troponini inaeleza kilichokwisha kuharibika. Hiki kinaeleza jinsi moyo uliobaki unavyohangaika. Kuta za moyo zikilemewa na kutanuka, huitoa kwa wingi. Ikiendelea kuwa juu baada ya siku za mwanzo, hatari ya moyo kushindwa kazi, kulazwa tena na hata kufa huwa kubwa zaidi. Ila umri mkubwa, figo na mapigo yasiyo na mpangilio huipandisha, na unene huishusha. Mjomba ni mnene, kwa hiyo niliwakataza kushangilia namba yake ndogo mpaka eko ya moyo, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ifanyike.

Kreatinini ni kipimo cha kazi ya figo, na haipaswi kusahauliwa, maana dawa ya rangi inayotumika kuonyesha mishipa huweza kuzichosha. Linganisheni ya kabla na ya siku mbili tatu baadaye. Ikipanda kwa 26.5 µmol/L au zaidi ndani ya saa 48, figo zimeumia, na wagonjwa wa aina hiyo huhitaji kufuatiliwa kwa karibu. Tafadhali, msimpe diklofenaki ya duka la jirani eti mgongo unauma. Inaumiza figo na moyo pia.

Wingi wa damu, himoglobini, uangalieni kwa sababu anameza dawa mbili za kuzuia damu isigande. Ukishuka, au choo kikiwa cheusi kama lami, huenda anavuja damu ndani. Asiache dawa kwa uamuzi wake, stenti inaweza kuziba; apelekwe hospitali.

CRP, kipimo cha uvimbe na maambukizi mwilini, hupanda siku mbili tatu za mwanzo kwa kila mtu mwenye jeraha la moyo, na malaria au kikohozi huipandisha pia. Ikipimwa akiwa na homa haiwaambii kitu kuhusu moyo wa mwakani.

LDL, ile kolesteroli mbaya, ipimwe tena wiki nne hadi sita baada ya kuanza statini, vidonge vya kuishusha. Miongozo ya Ulaya inataka iwe chini ya 1.4 mmol/L na ishuke angalau nusu ya ilipoanzia. Ikifika huko, vidonge vinaendelea, kwa kuwa ndivyo vilivyoishusha. Mjomba hakubaliani na mimi hapo, na mkewe ndiye anayemhesabia.