Ukurasa wa tovuti upime juani

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za maduka na nyumba za wageni hapa Mombasa. Ukurasa siukabidhi kwa mwenyewe mpaka niufungue Likoni nikingoja feri, saa saba ya mchana, kwenye simu ya bei nafuu. Ofisini, kwenye kompyuta, kila ukurasa hupendeza.

Anza na jua. Usiongeze mwanga wa simu, soma tu. Mwenye nyumba moja ya wageni Mji wa Kale aliwahi kuniletea ukurasa wenye maandishi ya kijivu juu ya picha ya mlango wa nakshi. Kivulini yalisomeka. Juani bei ya chumba ilipotea kabisa, na bei ndiyo mgeni aliyoifuata! Vigezo vya kimataifa vya WCAG, vya kufanya tovuti zitumike na kila mtu, vinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1, na ziko programu za bure za kukupigia hesabu hiyo. Mimi niliyatoa maandishi juu ya picha, nikayaweka chini yake, meusi kwenye weupe.

Kisha zima waifai, utumie bando lako mwenyewe. Ile picha ya mlango ilikuwa na megabaiti 6, imetoka kwenye kamera ikapachikwa vilevile. Niliipunguza upana hadi pikseli 1,200, nikaihifadhi upya, ikashuka chini ya kilobaiti 200. Kwenye simu nakshi zilionekana zote. Mtu aliyenunua bando la siku tusimmalizie kwa picha moja.

Vitufe vijaribu kwa kidole gumba, mkono wa pili ukiwa na mfuko wa Marikiti. WCAG 2.2, ya mwaka 2023, inaweka kima cha chini cha pikseli 24 kwa 24. Kwangu ni ndogo mno, naanzia 44.

Halafu mpe simu mtu asiyeijua tovuti hiyo, umuulize swali moja, unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Nilimuuliza shangazi yangu chumba cha watu wawili ni shilingi ngapi. Alipandisha ukurasa, akaushusha, akanitazama: "Mwanangu, nibonyeze wapi?" Vimistari vitatu vya menyu vilikuwa pale juu pembeni, naye alidhani ni pambo. Nikaandika neno "Menyu" kando yake, nikamrudishia simu.

"Elfu tatu na mia tano," akasema. "Na chai ya asubuhi imo?"

Hilo ukurasa haukusema. Nikampigia mwenye nyumba.