Ukitakiwa Kuweka Kidole Mlangoni mwa Klabu: Mwongozo kwa Mgeni na Mwenye Ukumbi Jijini Dodoma

Mlinzi wa klabu ya usiku anahitaji kujua mambo mawili kuhusu mtu aliyesimama mbele yake: kwamba ametimiza umri wa miaka 18, na kwamba hayumo miongoni mwa watu waliofungiwa kuingia kwa sababu ya fujo. La kwanza hujibiwa kwa kutazama kitambulisho na kukirudisha mkononi mwa mwenyewe, na la pili hujibiwa kwa orodha fupi iliyopo mlangoni. Mwongozo huu unahusu hali ambayo ukumbi unataka zaidi ya hapo, yaani unataka namba ya kitambulisho cha taifa iandikwe, kadi ipigwe picha, au kidole kibonyezwe kwenye mashine. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetoka kustarehe usiku, iwe Area C, Kisasa au katikati ya mji, na kwa ajili ya meneja anayefikiria kununua mashine hiyo kwa nia njema ya kupunguza ugomvi.

Wazo lenyewe lilikwisha kujaribiwa kwingine. Mwaka 2006, katika mji wa Yeovil ulioko Somerset nchini Uingereza, baa na vilabu vya usiku vilianza kuwaandikisha wageni kwa alama za vidole ili mtu aliyeleta vurugu sehemu moja atambuliwe akifika nyingine. Katika jimbo la Queensland, Australia, kumbi zinazouza pombe hadi usiku mwingi katika maeneo maalumu zimetakiwa tangu Julai 2017 kuskani vitambulisho vya wageni, ila huko ni sheria iliyoagiza hivyo, na sheria hiyohiyo inataka taarifa zilizoskaniwa zifutwe ndani ya siku 30. Tofauti hiyo ni muhimu kwetu. Ukumbi unaojiamulia wenyewe kukusanya alama za vidole, bila muda wa kuzifuta na bila mtu wa kuwajibika, hauwezi kujitetea kwa mfano wa Australia.

Kwa nini kidole kitazamwe kwa uangalifu zaidi

Mashine ya alama za vidole husoma mistari ya ngozi, ikatafuta mahali inapokatika na mahali inapogawanyika, kisha ikahifadhi mpangilio wa alama hizo kama mfululizo wa namba. Wauzaji wa mashine hupenda kusema kwamba kwa sababu picha ya kidole haihifadhiwi, hakuna la kuogopa. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Watafiti wameonyesha kwamba inawezekana kutengeneza upya picha inayofanana na alama halisi kutokana na namba hizo, na hata pasipo kufanya hivyo, namba zenyewe zinatosha kukutambulisha kila zinapolinganishwa na kidole chako.

Neno la siri likiibwa, hubadilishwa, na laini ya simu ikipotea, hufungwa. Kidole hakina mbadala. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilikiri kwamba katika udukuzi wa ofisi yake inayosimamia masuala ya watumishi, alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6 zilichukuliwa. Mwaka 2019 mfumo wa kufungulia milango uitwao BioStar 2, uliotumiwa na makampuni mengi duniani, uligundulika kuwa umeacha wazi kwenye intaneti alama za vidole za watu zaidi ya milioni moja. Hizo ni taasisi zenye wataalamu na bajeti. Kompyuta iliyoko chini ya kaunta ya ukumbi wa muziki, ambayo neno lake la siri linajulikana na kila mhudumu wa zamu, haiwezi kuwa salama kuliko hizo.

Hapa Tanzania kidole kina kazi nyingine ambayo kila mtu anaifahamu. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020, namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, pamoja na kidole ndivyo vinavyomwezesha mtu kusajili laini ya simu. Mtu asiye mwaminifu mwenye mashine ya usajili akipata vyote viwili kwa wakati mmoja, anaweza kusajili laini kwa jina lako, na laini hiyo ikatumika kutuma zile jumbe za utapeli za “ile hela tuma kwenye namba hii”, ambapo atakayetafutwa ni wewe. Kwa hiyo shika kanuni hii kabla ya nyingine zote: usitaje namba yako ya NIDA na kubonyeza kidole kwenye mashine ileile mlangoni mwa klabu, hata kama foleni nyuma yako inanung’unika. Kama ulikwisha kufanya hivyo, piga *106# na uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoitambua, nenda kwenye duka la huduma la mtandao husika ukaikane.

Liko pia jambo la heshima ya mtu. Dodoma ni mji ambao mtumishi wa wizara, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mfanyabiashara wa Majengo na wageni wanaojaa mjini wakati wa Bunge la Bajeti hukutana katika kumbi zilezile. Kumbukumbu inayoonyesha nani aliingia saa ngapi, mara ngapi kwa mwezi na akiwa na nani, inaweza kumuumiza mtu kazini, katika ndoa au katika jumuiya yake ya ibada, ingawa hakutenda kosa lolote. Wanawake ndio wanaobeba mzigo mkubwa zaidi hapa, kwa sababu namba ya simu iliyoandikwa kwenye daftari la mlangoni husomwa na yeyote anayeshika daftari hilo, na usumbufu huanza siku inayofuata. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu tumezoea mno madaftari. Nyumba nyingi za kulala wageni bado zina daftari lenye safu ya kabila, na tunaijaza bila kuuliza ni ya kazi gani.

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaeleza namna ya kuilinda. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayekusanya taarifa za watu anapaswa kuwa amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, anapaswa kumweleza mhusika sababu ya kukusanya kabla hajakusanya, na haruhusiwi kuzitumia kwa kazi nyingine tofauti na ile aliyoitaja. Alama za vidole zimo katika kundi la taarifa binafsi nyeti, na taarifa za kundi hilo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria. Ridhaa hiyo unaweza kuiondoa wakati wowote, bila kutoa maelezo na bila kulipa chochote. Kubonyeza kidole kwa sababu baunsa amekunyooshea mashine, huku muziki ukisikika na wenzako wakiwa wamekwisha kuingia, si ridhaa ya maandishi.

Namna ya kuzungumza mlangoni

Beba kitambulisho kinachoonyesha tarehe ya kuzaliwa, kwa mfano leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura. Kitoe wewe mwenyewe kabla hujaulizwa, kishike mkononi huku mlinzi akikisoma, na usikubali kiende nyuma ya kaunta. Mlinzi akitaka kukipiga picha kwa simu yake binafsi, kataa kwa upole lakini bila kusitasita, kwa maana picha hiyo itabaki kwenye simu ya mtu ambaye mwezi ujao huenda atakuwa amehamia kazi nyingine.

Ukielekezwa kwenye mashine ya kidole, anza kwa adabu, kwa sababu kijana aliyeko mlangoni si yeye aliyeamua mashine iwepo. Maneno kama haya yanatosha: “Samahani kaka, kitambulisho changu hiki hapa, umri wangu unaonekana. Naomba kujua alama ya kidole ni ya nini, inatunzwa wapi, na inafutwa lini?” Asipojua, omba kuzungumza na meneja, na umuulize maswali hayohayo pamoja na mengine mawili: kama ukumbi una cheti cha usajili wa Tume, na kama ipo njia nyingine ya kuingia kwa mtu asiyetaka kuweka kidole. Ukumbi uliojipanga utakuwa na majibu, na utakuwa na karatasi ya kusoma na kusaini. Ukumbi usio na jibu hata moja umekwisha kukujibu, na hapo ushauri wangu ni kwenda kwingine. Ukiwa umelipa kiingilio kabla hujaelezwa habari ya kidole, dai kirudishwe palepale, kwa kuwa ulilipa bila kujua sharti hilo.

Ukiamua kukubali, soma karatasi kabla ya kusaini, ipige picha, na usiandike zaidi ya kinachohitajika. Namba ya simu si sharti la kucheza muziki.

Kama alama yako tayari imechukuliwa

Andika barua. Malalamiko ya mdomo husahaulika zamu ikibadilika, lakini barua iliyopokelewa hubaki kuwa ushahidi. Huu ni mfano unaoweza kuutumia:

Meneja,
(Jina la ukumbi),
DODOMA.

YAH: KUONDOA RIDHAA NA KUOMBA KUFUTIWA ALAMA ZA VIDOLE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi (jina) niliingia katika ukumbi wenu tarehe (…) majira ya saa (…), nikachukuliwa alama ya kidole pamoja na (taja taarifa nyingine). Kwa barua hii ninaondoa ridhaa yoyote inayodhaniwa nilitoa. Ninaomba nielezwe kwa maandishi ni taarifa gani zangu mnazo, zimetunzwa wapi na zimepelekwa kwa nani. Ninaomba pia zifutwe katika mashine, katika kompyuta, katika nakala rudufu na kwa mtoa huduma wenu wa mfumo, kisha nithibitishiwe kwa maandishi kwamba zimefutwa.

Ninatanguliza shukrani.

(Jina, sahihi na tarehe)

Usiweke namba ya NIDA ndani ya barua hiyo. Peleka nakala mbili mchana, wakati ofisi iko wazi na watu wametulia, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa au imesainiwa na aliyeipokea. Wakikataa kuipokea, itume kwa rejesta ya posta na utunze stakabadhi. Wakikaa kimya au wakikataa, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiambatisha nakala ya barua, tarehe, na picha ya tangazo au mashine kama unayo. Tume ina mamlaka ya kuchunguza, kuagiza taarifa zifutwe na kutoza faini isiyozidi shilingi milioni 100, na aliyepata madhara anaweza kudai fidia.

Kwa meneja na mwenye ukumbi

Jiulize kwanza mashine itazuia nini. Kisu hugunduliwa kwa kupekua na kwa kifaa cha kutambua chuma, na mtoto wa shule hugunduliwa kwa tarehe ya kuzaliwa. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ndizo mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo mlinzi aliyefundishwa anaweza kuthibitisha umri kwa kutazama kadi tu, bila kunakili chochote. Anayetoka na kurudi hutambuliwa kwa muhuri mkononi au bangili ya karatasi. Kinachobaki ni wale wachache waliofanya vurugu, na hao hawazidi orodha ambayo daftari dogo linaweza kuibeba. Kwa ajili yao, andika jina, tukio na tarehe ambayo katazo litaisha, waambie kwamba wamo kwenye orodha hiyo, na ifungie ofisini nje ya saa za kazi. Kuwaandikisha mamia ya watu wema ili kuwajua wakorofi wachache ni gharama isiyolingana na faida, na jukumu la kuzilinda taarifa hizo litakuwa lako hata kama mfumo ni wa muuzaji.

Kama baada ya hayo yote bado unaona mashine ni lazima, jisajili kwanza kwa Tume, andaa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, weka mlango wa pili kwa asiyetaka, na uandike kwenye mkataba wa muuzaji kwamba hana ruhusa ya kubaki na nakala. Polisi wakihitaji taarifa kwa ajili ya upelelezi, zitolewe kwa utaratibu wa kisheria, kwa maombi ya maandishi, na utunze kumbukumbu ya nini kilitolewa, kwa nani na lini. Mlinzi wa mlangoni asimpe mtu yeyote taarifa hizo kwa sababu tu amejitambulisha kwa maneno.

Na kwa ukumbi ambao tayari una alama za vidole za miezi iliyopita bila fomu hata moja iliyosainiwa, hatua sahihi ni kuzifuta. Kuondoa jina kwenye orodha inayoonekana hakutoshi, kwa sababu mashine nyingi huhifadhi alama ndani yake zenyewe na kwenye seva ya muuzaji. Mwite fundi, rudisha mashine katika hali ya kiwandani mbele ya shahidi, mwandikie muuzaji afute upande wake, na uweke majibu yake kwenye jalada pamoja na tarehe.