Mashindano ya wanawake ya kulenga shabaha kuchangia taulo za kike, Dodoma: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa kikundi cha kina mama, iwe kikoba, jumuiya ya kanisa au msikiti, au wafanyakazi wa ofisi moja, kinachotaka kununulia shule moja au mbili taulo za kike kwa fedha za asubuhi moja ya kulenga shabaha. Vipimo vyote ni vya walengaji 30, njia 6 (yaani sehemu sita za kulengea, kila moja na shabaha yake), bunduki za upepo za milimita 4.5 na umbali wa mita 10. Mkifika 60, fanyeni siku mbili.

Fedha nyingi hapa hazitoki kwenye kiingilio. Zinatoka kwenye ahadi za kila pointi: mume, kaka au bosi anaahidi shilingi 500 kwa kila pointi atakayopata mlengaji wake. Ndiyo maana hatua ya kadi na kuhesabu imekuwa ndefu kuliko nyingine zote. Kila tundu kwenye kadi ya shabaha ni pesa ya mtu.

Hatua ya 1: Vibali

Anza miezi miwili kabla. Bunduki ya upepo si kichezeo, na silaha nchini ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo hakuna cha kufanya kabla polisi hawajakubali kwa maandishi. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa michezo wa Jiji, kisha OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Barua iwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mchoro wa uwanja wenye vipimo, jina la msimamizi wa usalama, na orodha ya bunduki zote: aina, namba ya bunduki, jina la mmiliki na namba ya leseni yake. Omba askari awepo siku hiyo.

Mmiliki aje na bunduki yake asubuhi, akae nayo, aondoke nayo. Msizikusanye usiku mmoja kabla nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati, hata kama ni rahisi kwa usafiri.

Kuhusu kuchangisha, uliza ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kama kikundi hakijasajiliwa, fanyeni kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa. Na achaneni na tiketi za kushinda mbuzi: hiyo ni bahati nasibu, ina Bodi yake ya Michezo ya Kubahatisha na vibali vyake, na mbuzi mmoja hastahili usumbufu huo.

Hatua ya 2: Tarehe na uwanja

Mvua ikishakatika, Mei hadi mwanzoni mwa Juni panafaa. Baada ya hapo upepo wa Dodoma unashika kasi, na vumbi linaingia machoni na kwenye mitutu. Mwezi wowote mtakaochagua, anzeni saa 2 asubuhi na mmalize kabla ya saa 6.

Elekeza mstari wa kulenga magharibi. Asubuhi jua linakuwa mgongoni kwa walengaji na linaangaza kadi, na upepo wetu ambao kwa kawaida hutoka mashariki au kusini-mashariki unakuja kwa nyuma badala ya kukata ubavuni.

Watu wakiona vilima vya mawe vya Dodoma hudhani wamepata ukuta wa bure. Jiwe ndilo linalorudisha risasi. Tafuta tambarare yenye udongo, isiyo na njia ya miguu nyuma yake, halafu weka watu wawili wenye filimbi pembeni, kwa sababu mbuzi na ng'ombe wa jirani hawasomi vibao. Risasi ya upepo ikikosa kizuizi inaweza kwenda mita mia kadhaa.

Hatua ya 3: Kizuizi cha risasi

Kila njia iwe na boksi gumu la katoni, kina kisipungue sentimita 40, lililoshindiliwa nguo kuukuu za mitumba hadi lisibonyee ukilisukuma kwa ngumi. Kata vifungo na zipu zote kwanza. Kifungo kimoja cha chuma kinatosha kurudisha risasi kwa aliyeipiga. Nyuma ya maboksi panga viroba vya mchanga safu mbili, urefu wa mita 2, na mchanga uchekechwe usiwe na kokoto. Usitumie viroba peke yake: vikipigwa sehemu moja vinachanika na mchanga unamwagika katikati ya mashindano. Matairi ya gari usiyaweke kabisa, mpira unarusha risasi nyuma.

Kadi ibandikwe usoni mwa boksi, katikati yake iwe usawa wa mtutu.

Hatua ya 4: Bunduki na risasi

Bunduki 7: sita za kazi, moja ya akiba. Chagua zile za kukunja mtutu zenye springi ya nguvu ya kawaida. Zile kali za kuwindia zinachosha mikono ya wageni, zinaruka mkononi na zinatoboa maboksi haraka. Darubini zitolewe zote, ama zote zibaki. Bora zitolewe, kwa sababu darubini za bei nafuu hulegea na kila zamu italalamika.

Risasi ziwe za kichwa bapa tu. Za kichwa cha mviringo zinachana karatasi na kuacha tundu lenye meno, halafu mnabishana. Gololi za chuma ni marufuku, zinadunda. Hesabu yake: kila mlengaji hupiga 20, watu 30 ni 600. Kopo moja lina 500, nunua mawili ya aina moja, zinazobaki ni za kurekebisha vilengeo siku moja kabla.

Walengaji wakae kwenye kiti, mbele kuna meza na mfuko wa mchanga wa kilo 3 hivi. Mtutu usilazwe juu ya mfuko. Mkono ulale juu ya mfuko, bunduki ilale juu ya kiganja. Bunduki ya springi hutikisika kabla risasi haijatoka, na ikiegemea kitu kigumu hupiga pembeni ya pale ilipolengwa. Hili peke yake linamwongezea mlengaji mgeni pointi.

Risasi hizi ni za madini ya risasi, sumu kwa mtoto aliye tumboni. Mjamzito na anayenyonyesha asizishike. Mpe kazi ya kusajili au kupokea wageni. Weka ndoo ya maji na sabuni, na hakuna kula karanga mstarini.

Hatua ya 5: Kadi na kuhesabu

Tumia kadi ya bastola ya upepo, si ya bunduki. Kwenye kadi ya kimataifa ya bunduki ya mita 10, pointi 10 ni nukta ya nusu milimita. Mama aliyeshika bunduki leo ataona sifuri na mbili tu na ataondoka amevunjika moyo, na ahadi za pointi zitakuwa bure. Kadi ya bastola ina upana wa sentimita 17, duara la 10 lina kipenyo cha milimita 11.5, kila duara linaongezeka milimita 16, na la mwisho ni milimita 155.5.

Sasa uchapishaji. Mashine ya duka la steshenari ikiachwa yenyewe hupunguza picha ili iingie kwenye karatasi, na hakuna anayeona kwa macho. Chapisha moja, chukua rula, pima duara la nje. Lisipofika sentimita 15 na nusu, irudishe. Pima pia nakala ya katikati na ya mwisho ya bunda. Mkichapisha nusu kwa fundi huyu na nusu kwa yule, mtakuwa na kadi za ukubwa mbili na mashindano yasiyo ya haki. Tumia manila. Karatasi ya kawaida ya fotokopi inachanika, tundu linakuwa mpasuko, na mpasuko haupimiki.

Kila mlengaji ana kadi 4: moja ya mazoezi na tatu za mashindano, risasi 5 kila moja. Jumla ya juu ni pointi 150. Usikubali risasi 10 kwenye kadi moja. Walengaji wazuri ndio watakaokuumiza, kwa sababu matundu yao yanaingiliana na hutajua kama ni mawili au matatu. Kadi zinazohitajika ni 120; chapisha 160.

Kabla ya siku, kila kadi iandikwe namba ya mlengaji, zamu, njia, na kadi ya ngapi, kwa kalamu ya wino, nyuma na mbele. Isainiwe na mtu mmoja tu wa kamati. Ya mazoezi ikatwe kona ya juu kulia. Bila kona hiyo iliyokatwa, kadi ya mazoezi yenye bahati huingia kwenye bahasha ya mashindano, na mtasaka kosa hilo mchana kutwa huku watu wakisubiri matokeo. Bandika kadi kwa pini kona zote nne. Upepo ukiinua kona moja, tundu linatokea sehemu nyingine.

Kanuni zifuatazo zisomwe kwa sauti kabla ya risasi ya kwanza, kisha zibandikwe:

- Tundu likigusa mstari wa duara la ndani, linapewa pointi ya ndani.
- Matundu 6 kwenye kadi, na jirani ana 4: mwenye kadi anahesabiwa matano ya juu, jirani anabaki na manne yake.
- Matundu 6 na jirani ana 5 zake: mwenye kadi amepiga zaidi, tundu la juu kuliko yote linafutwa.
- Matundu 4 tu: yanahesabiwa yaliyopo. Hakuna kurudia, isipokuwa bunduki imeharibika na msimamizi ameona.
- Wakilingana: mwenye kumi nyingi, kisha tisa nyingi, kisha kadi moja ya ziada.

Kwa tundu lenye utata kuna kipimo maalum, kipini cha milimita 4.5 chenye kola. Usipokipata, tumia mkia wa biti ya keekee ya milimita 4.5, ule upande laini usio na meno. Ingiza mara moja tu, wima, polepole, angalia kama ukingo wake unagusa mstari. Ukiingiza mara ya pili umeshapanua tundu, na uamuzi wa pili hauna maana. Kwa hiyo mpimaji ni mmoja, na kabla ya kupima watu wawili wakubaliane kwamba jicho limeshindwa.

Wahesabuji ni wawili, hawakai meza moja. Wa kwanza anaandika kwenye fomu yake, hagusi kadi kwa kalamu. Wa pili hivyo hivyo. Fomu zikilingana, ndipo jumla inaandikwa kwenye kadi kwa wino mwekundu. Zisipolingana, mtu wa tatu anahesabu kadi hiyo, si kutafuta wastani. Mhesabuji asiwe na ndugu yake mstarini wala ahadi yake kwenye daftari. Watafute kina mama wa hesabu, walimu na makarani wa benki; wanajua kurudia safu bila kukasirika.

Mlengaji ana dakika 10 za kupinga baada ya matokeo ya zamu yake kubandikwa. Zikipita, zimepita.

Hatua ya 6: Fedha

Kiingilio shilingi 20,000 kwa watu 30 ni 600,000. Tafuta mdhamini wa kila njia, jina lake liandikwe juu ya boksi. Viingilio na wadhamini vilipie risasi, kadi, mahema, maji na usafiri, ili ahadi zote zinunue taulo bila kukatwa.

Fomu ya ahadi iwe na kiwango kwa pointi na kikomo. Mwenye shilingi 500 ajue kwamba hawezi kuzidi 75,000 hata mlengaji wake akipata 150. Mtu asiyejua mwisho wa deni huahidi kidogo au haahidi. Na ahadi inayosubiri Jumatatu hukauka, kwa hiyo mwambie mapema kwamba atalipa pale pale: pointi 110, shilingi 55,000, lipa namba hii hapa. Lipa namba iwe ya kikundi, si ya simu ya mhazini. Fedha taslimu zihesabiwe na watu watatu mbele ya watu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Zamu 5 za watu 6, kila zamu dakika 40, ni dakika 200. Mkianza saa 2 kamili mnamaliza saa 5 na dakika 20.

Miwani ya usalama ya mafundi, ile ya plastiki nyeupe, kwa kila aliye ndani ya kamba, askari na mpiga picha wakiwemo. Ncha za mtandio na kanga zifungwe nyuma.

Amri ni nne: "Pakia", "Anza", "Acha", "Weka chini". Neno "Acha" anaweza kulisema yeyote, hata mtoto, na wote wanaacha. Hakuna anayevuka mstari kwenda kwenye kadi mpaka bunduki zote zimekunjwa mitutu wazi mezani na msimamizi amepita njia zote sita kwa macho. Anayepakia ashike mtutu kwa mkono mmoja muda wote. Kifyatulio kikiguswa mtutu ukiwa wazi, unarudi kwa nguvu inayoweza kuvunja vidole.

Hatua ya 8: Baada ya matokeo

Tangaza jumla ya fedha siku hiyo hiyo, pamoja na matumizi. Piga picha kadi zote kabla ya kuwapa wenyewe. Watu huzitundika ukutani, na mwenye ahadi aliyelipa pungufu atauliza baada ya wiki.

Maboksi yafunguliwe juu ya turubai. Risasi zilizokwama zikusanywe kwenye kopo lenye kifuniko, nguo zile zisirudi sokoni wala kugeuzwa madekio. Okoteni zilizodondoka mstarini pia, moja moja, kwa sababu kesho yake kuku wa jirani watapita hapo.