Uwiano: kugawana faida ya viazi hatua kwa hatua

Dada na mdogo wake wamechanga mtaji, wanunue viazi Uyole wakauze Mwanjelwa. Dada katoa laki 3, mdogo elfu 200. Faida ikipatikana, kila mmoja achukue ngapi?

Hatua ya 1. Panga watu kabla ya namba. Andika dada : mdogo, na ubaki hivyo mpaka mwisho. Ukigeuza katikati, mdogo atakula cha dada yake, na hapo ukoo mzima utaitwa kikaoni.

Hatua ya 2. Kipimo kiwe kimoja. Wengi huangukia hapa. Laki 3 kwa elfu 200 si 3:200! Peleka zote kwenye elfu, upate 300:200. Debe na kilo ni vivyo hivyo, saa na dakika vilevile. Vipimo vikishalingana, huna haja ya kuandika "shilingi" tena.

Hatua ya 3. Gawanya pande zote kwa KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayogawanya pande zote mbili bila baki). Hapa ni 100. Unabaki na 3:2.

Hatua ya 4. Jumlisha mafungu: 3 + 2 = 5. Faida ikiwa 150,000, fungu moja ni 30,000. Dada 90,000, mdogo 60,000.

Angalia kwamba 3:2 haisemi mtaji ulikuwa kiasi gani. Wangetoa milioni 3 na milioni 2, ingekuwa 3:2 ileile.

Maswali ya wanachama

Fundi, Mafinga: Mwalimu, saruji kwa mchanga 1:6, saruji si ni moja ya sita ya mchanganyiko?
– Hapana fundi, ni moja ya sita ya mchanga. Umepima ndoo 1 na ndoo 6, jumla 7, hivyo saruji ni 1/7 ya ulichopima. Na ndoo iwe ileile. Saruji kwa koleo na mchanga kwa toroli ni kubahatisha.

Mzazi, Tukuyu: Mwanangu kaandika 1.5:1, kakoseshwa.
– Thamani ni sawa na 3:2, ila darasani wanataka namba nzima. Azidishe pande zote kwa 2.

Muuza viazi, Uyole: Biashara ni ya wiki nne. Mdogo akiongeza laki moja zikiwa zimebaki wiki mbili, si tayari wako 1:1?
– Mtaji ndiyo, 3:3. Lakini dada atalalamika, na ana haki: hela yake imezunguka muda mrefu zaidi. Wakikubaliana mapema kuhesabu muda, zidisha laki kwa wiki. Dada 3 × 4 = 12. Mdogo (2 × 4) + (1 × 2) = 10. Uwiano ni 12:10, yaani 6:5.