Somo: Babu ana ndoa mbili na talaka haionekani (Uingereza, enzi za Malkia Victoria)

Wengi tunaofuatilia nasaba za Uingereza, kwa ajili ya wenzi wetu au watoto wetu, hukwama hapa: babu kaoa mara ya pili, mke wa kwanza hajafa, na talaka haipo. Sisi tumezoea talaka inayotamkwa na mume, ikaandikwa kwa kadhi. Kule haikuwa hivyo.

Hatua ya 1: Jua sheria ya wakati ule. Kabla ya 1858, talaka ya kumruhusu mtu kuoa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge. Hilo lilikuwa jambo la matajiri. Sheria ya 1857 ilileta mahakama ya talaka, lakini moja tu, London. Mume alitosheka kuthibitisha uzinzi. Mke alidaiwa uzinzi pamoja na kosa jingine, mathalani ukatili au kutelekezwa miaka 2, na hali hiyo ilidumu hadi 1923. Mchimba makaa wa Durham, kaskazini kabisa mwa Uingereza, angepata wapi nauli na pesa ya wakili? Watu waliachana kimyakimya, kila mmoja akashika njia yake.

Hatua ya 2: Hata hivyo, pitia mafaili ya talaka. Yako Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya nyaraka, fungu J 77, kuanzia 1858.

Hatua ya 3: Shuku neno "mjane". Hapa usiwe na haraka. Cheti cha ndoa ya pili kikisema mgane au mjane, tafuta kifo chenyewe, maana watu waliaminiwa kwa maneno yao. Kisha mfuate mwenzi wa kwanza kwenye sensa. Kuanzia ya 1851 hali ya ndoa imeandikwa. Katika familia moja niliyoifuatilia, mama alijiandikisha mjane mwaka 1871, kumbe mumewe yu hai mji wa jirani, ana mke mwingine na watoto wanne. Nililitazama jina lile muda mrefu. Simlaumu yule mama. Ujane ulimpa heshima ambayo mke aliyeachwa hakupewa.

Hatua ya 4: Tafuta kesi. Sheria ya 1861, kifungu cha 57, iliweka adhabu ya hadi miaka 7 kwa aliyefunga ndoa juu ya ndoa. Soma magazeti ya mkoa na kumbukumbu za mahakama za mzunguko; kwa London, kesi za Old Bailey, mahakama kuu ya jinai ya mji huo, hadi 1913 zinasomeka bure mtandaoni. Wengi hawakushtakiwa kamwe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mume akipotea miaka 7, mke akiolewa tena ndoa ilikuwa halali?*
Dada yangu, hapana, kama mume alikuwa hai. Miaka 7 bila kujua kama yu hai ilimkinga mke na kifungo tu. Ndoa ya pili ilibaki batili.

*Na Scotland?*
Sheria yao ni mbali. Huko mume na mke waliweza kudai talaka kwa uzinzi au kutelekezwa tangu karne ya 16.

*Watoto wa ndoa ya pili niwaandikeje?*
Kisheria walihesabiwa wa nje ya ndoa, ila vyeti vyao vya kuzaliwa kwa kawaida havionyeshi hivyo. Waandike chini ya baba na mama yao, na wake wote wawili waonekane, kila ndoa na tarehe yake.